Mafunzo Niliyopata kwa Diski Zisizoonekana

Duka langu la ufundi liko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Wanaofika mezani kwangu ni wa kila aina. Mwalimu ana alama za wanafunzi za muhula mzima, mpiga picha ana harusi ya watu isiyoweza kurudiwa, katibu wa kikoba ana hesabu za wanachama, mwanafunzi wa chuo ana utafiti ambao msimamizi wake anausubiri. Wote huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, diski haionekani."

Nimeona kwa macho yangu kwamba data nyingi hazipotei siku diski inapokataa. Zinapotea saa chache baadaye, mikononi mwa watu wenye haraka. Ndiyo maana nayaandika haya, kwa ajili ya mwenye kompyuta wa kawaida na kwa vijana wanaoanza kazi hii.

1. Uliza kwanza: haionekani wapi?

Kompyuta huitambua diski kwa ngazi tatu, na kila ngazi ina maradhi yake. Ya kwanza ni BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inayoamka kabla ya Windows. Unaifikia kwa kubonyeza F2 au Delete mara tu mashine inapowashwa. Baadhi ya kompyuta hutaka F10 au Esc. Ukikuta jina na ukubwa wa diski vimeandikwa pale, basi diski inapata umeme na inaelewana na mazabodi, tatizo liko mbele zaidi. Ya pili ni dirisha la kusimamia diski ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Hapo utaziona diski zote ambazo Windows inazijua, hata zisizo na herufi. Ya tatu ndiyo ambayo wengi huiangalia peke yake: orodha ya C, D na E.

Diski iliyokosekana kwenye orodha hiyo tu, mara nyingi ina tatizo dogo. Iliyokosekana kwenye BIOS huenda ina tatizo zito, na hata hapo bado kuna matumaini.

Mama mmoja, mhasibu wa saccos, alifika na laptopu yake na diski ya nje aliyoambiwa na vijana wa ofisini kwamba imekufa. "Mwanangu, nimekuja uniuzie nyingine," akasema, pesa ameishika mkononi. Nikamwomba akae kwanza. Nikaichomeka diski kwenye laptopu yake. Taa ikawaka, mzunguko ukasikika laini, lakini kwenye orodha hakukuongezeka kitu. Nikafungua dirisha la kusimamia diski. Ipo, ukubwa wake kamili, mfumo wake NTFS, haina kasoro yoyote isipokuwa herufi. Kule ofisini walikuwa wameunganisha folda ya mtandao na kuipa herufi E, ileile ambayo diski yake ilizoea kuitumia. Nikabofya kulia, nikachagua kubadili herufi, nikaipa P. Folda za mwaka mmoja baada ya mwingine zikajipanga kwenye kioo. Mama akarudisha pesa yake kwenye mkoba, akalipa ya ukaguzi, nami nikamwandikia hatua zile kwenye karatasi ili siku nyingine ajifanyie mwenyewe.

2. Waya, tundu na umeme huja kabla ya yote

Diski ndogo ya nje hutegemea umeme wa tundu la USB. Kwa kanuni, tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 na la USB 3.0 hutoa 900. Diski inapoanza kuzungusha sahani zake huvuta umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshakolea mwendo. Tundu likiwa dhaifu, taa inawaka, diski inajaribu kuzunguka, inashindwa, inajaribu tena. Mwenye nayo husikia mlio mdogo unaojirudia akaamini imevunjika ndani. Kabla hujaamini hivyo, ichomeke nyuma ya kompyuta ya mezani, moja kwa moja kwenye mazabodi. Matundu ya mbele hufikiwa kwa waya mwembamba, na vile vigawanyo vya USB visivyo na adapta hugawa umeme uleule mdogo kwa vifaa vyote vilivyochomekwa. Kisha badilisha waya, uchukue mfupi. Waya wa diski ya nje hukunjwa, hufungwa kwenye mkoba, huvutwa na watoto; ni sehemu ya kwanza kuchoka.

Ndani ya kompyuta ya mezani hali ni ileile. Waya wa data wa SATA una miguso 7, wa umeme una 15, na mguso mmoja tu ukishika kutu diski nzima inaweza kupotea. Hapa pwani adui yetu ni hewa ya chumvi. Nikichomoa waya wa kompyuta iliyokaa karibu na dirisha linalotazama bahari, nakuta miguso imepoteza mng'ao, ina madoa meusi, na wakati mwingine pembeni pamejengeka unga wa kijani. Nachukua ufutio wa penseli, nasugua polepole kwa kuelekea upande mmoja, nafuta mabaki kwa brashi laini yenye spiriti safi, naacha pakauke kabisa ndipo nirudishe umeme. Diski ya mzunguko ina pahali pengine ambapo mafundi wengi hawapafikirii. Ukifungua skrubu ndogo za nyota zinazoshika bodi yake ya kijani, upande wa ndani utakuta vidoti vinavyogusana na mwili wa diski, njia ya kwenda kwenye vichwa vya kusomea. Navyo hushika kutu. Kuvisafisha hakugusi sahani, na kumerudisha diski ambazo wenyewe walishazikatia tamaa.

Kuna kipimo kinachokusaidia kutofautisha waya mbovu na diski mbovu. Kila diski huweka kumbukumbu ya afya yake inayoitwa SMART, na programu za bure kama CrystalDiskInfo huisoma. Namba 199 ikipanda wakati namba 5 na 197 zimetulia kwenye sifuri, shuku waya kwanza. Namba 5 ni sehemu za sahani zilizokwisha kuharibika na kubadilishwa, 197 ni zile zinazosubiri hukumu. Hizo mbili zikipanda, waya hauna kosa.

3. Itazame saa ya kompyuta

Kompyuta nyingi za ofisini hapa kwetu ni za mezani zilizokwisha kutumika ughaibuni. Ndani yake kuna betri ya duara ya volti 3, CR2032, inayoilinda mipangilio ya BIOS umeme unapozimwa. Betri ikichoka, tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na pamoja nayo mipangilio yote inarudi ya kiwandani, ukiwemo ule unaoamua namna mazabodi inavyoongea na diski. Asubuhi mashine inawashwa na kusema haina diski ya kuwashia, au Windows inaanza kupanda kisha inaanguka. Diski nzima, haina hata mkwaruzo. Betri ya bei ya soda moja na kurudisha mpangilio huo, mara nyingi AHCI, kama ulivyokuwa, kazi imekwisha. Tarehe mbovu ndilo jambo la kwanza ninalouliza ninapoletewa mashine ya mezani.

4. Windows ikikuomba kufomati, kataa

Hili ningependa kila mtu alijue, hata asiyejali mengine yote.

Diski inaweza kuonekana kama kifaa lakini yaliyomo yasisomeke. Windows basi hutoa ujumbe kwamba ni lazima uifomati kabla ya kuitumia, na kitufe cha kukubali kimewekwa palepale, kimeng'arishwa kwa rangi. Ujumbe mwingine hukuomba uianzishe diski upya. Yote mawili ni ombi la mashine ambayo haijui kuna nini ndani. Mara nyingi kilichoharibika ni ile sehemu ndogo inayosema faili gani limeanzia wapi. Ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo, sura zote zimo. Programu ya TestDisk, iliyoandikwa na Christophe Grenier na isiyouzwa, inaweza kuitafuta na kuirudisha sehemu hiyo. Nduguye PhotoRec hutafuta picha na nyaraka moja moja kwa kuzitambua zinavyoanza, ingawa majina ya faili hupotea. Ukishakubali kufomati, na hasa ukishaanza kuandika vitu vipya juu yake, umefunga milango ambayo ilikuwa wazi.

Tena wakati mwingine hakuna kilichoharibika hata kidogo. Kijana mmoja mpiga video aliletewa diski na kaka yake anayefanya kazi Muscat, imejaa video za harusi ya familia. Kwenye Windows ikaomba kufomatiwa. Alipofika kwangu kidole kilishakaribia kukubali, ila akasema moyo ulisita. Diski ilikuwa imeandaliwa kwenye Mac, kwa mfumo ambao Windows haiusomi yenyewe. Tukaazima Mac ya jirani, tukanakili kila kitu kwenye diski iliyofomatiwa kwa exFAT, ambao Windows na Mac zote huusoma. Hali kama hiyo huwapata wenye maduka wanaochomoa diski kutoka kwenye mashine ya kamera za ulinzi wakitaka kumtazama mwizi. Mashine hizo nyingi huandika kwa mfumo wake wa pekee, na kompyuta huiona diski kama tupu. Irudishe kwenye mashine yake, utoe picha kwa njia ya flashi.

Na kuna chkdsk. Wengi wamefundishwa kuiendesha kila diski inapoleta shida. Amri ile ilitengenezwa kunyoosha mpangilio wa faili kwenye diski nzima; kwenye diski inayokufa inaweza kuilazimisha isome kila kona, na ikikutana na vitu isivyovielewa hukata na kufuta. Mimi siiendeshi kabla ya kuwa na nakala. Anayeiendesha kabla ya hapo anacheza na mali ya mtu.

5. Sikio ni kifaa cha fundi

Ndani ya diski ya mzunguko, sahani hupiga mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache. Unene wa unywele wa binadamu ni maelfu ya mara ya nafasi hiyo. Kwa hiyo kila mlio una maana yake, nami hutia sikio karibu kabla ya kugusa kibodi.

Mzunguko laini usioambatana na kitu kingine ni habari njema. Kimya kabisa huelekeza kwenye umeme au bodi. Mlio mwembamba wa kung'ang'ana, usiofuatwa na mzunguko, mara nyingi ni vichwa vilivyoganda juu ya sahani au mota iliyokwama, na kwa kawaida huja baada ya kuanguka. Ule wa tak, tak, tak, wa mpigo uliolingana, ni kichwa kinachotafuta njia na kukosa; kinarudi mwanzo, kinatafuta tena. Nikiusikia huo nachomoa umeme papo hapo. Kila dakika diski inavyozidi kugonga, kichwa kilichovunjika kinaweza kuikwaruza sahani, na unga unaotoka pale ndiyo data yenyewe.

Hapo kazi yangu inafikia mwisho wake. Kubadilisha vichwa kunahitaji chumba kisicho na vumbi, vifaa maalumu na diski ya kufanana nayo ya kuchukulia vipuri. Chembe moja ya vumbi la Ngamiani inatosha kumaliza kila kitu. Humweleza mteja waziwazi kwamba zipo maabara za kazi hiyo, bei yake ni kubwa, na uamuzi ni wake. Ninachomkataza ni kumpelekea mtu atakayeifungua juu ya meza ya kawaida. Namkataza pia kufuata ushauri wa kuiweka diski kwenye friza, unaozunguka hadi leo. Ukiitoa kwenye baridi na kuileta kwenye hewa nzito ya pwani, unyevu hugeuka matone ndani na nje, na diski iliyokuwa na nafasi ya kupona huipoteza.

6. Umeme ukirudi kwa kishindo

Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, mashine za mezani ndizo huumia. Diski kubwa ya inchi 3.5 hutumia volti 5 kwa bodi na volti 12 kwa mota. Kwenye nyingi kati ya hizo, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, kuna daiodi mbili za ulinzi, moja ya kila volti. Umeme ukizidi, daiodi hujitoa mhanga: hushoti ili sehemu zilizo nyuma yake zipone. Dalili yake huwachanganya wengi. Kompyuta nzima inakataa kuwaka, feni hata haitikisiki. Ukichomoa diski inawaka vizuri. Pawa saplai imeona shoti ikajizima. Fundi mwenye mita na mkono mtulivu ataipima daiodi, akiikuta imeshoti ataiondoa, na mara nyingi diski itawaka kwa muda wa kutosha kunakili yaliyomo. Baada ya hapo haina ulinzi tena, isirudishwe kazini.

Vijana huniuliza kama wanaweza kuchukua bodi ya diski nyingine inayofanana na kuifunga. Zamani iliwezekana. Diski za miaka ya karibuni kila moja ina vipimo vyake ilivyopewa kiwandani, na kwa kawaida hukaa kwenye chipu ndogo ya bodi yake. Ukihamisha bodi bila kuhamisha chipu hiyo, diski haitajitambua.

7. SSD haipigi kelele

SSD, yaani diski ya chipu, haina sahani wala mota, na wakati mwingine huondoka bila onyo: jioni unafanya kazi, asubuhi BIOS haiijui. Mara nyingi kinachokuwa kimekwama ni kidhibiti chake, ule ubongo unaojua kila kitu kimewekwa wapi, hasa baada ya umeme kukatika ghafla. Kabla ya kuikatia tamaa kuna jambo la kujaribu ambalo hata watengenezaji huelekeza. Ipe umeme peke yake bila waya wa data kwa dakika kama 20, iondoe umeme kwa nusu dakika, urudie, kisha iunganishe kikamilifu. Kwa laptopu, kaa kwenye ukurasa wa BIOS muda huohuo. Kidhibiti hupata nafasi ya kupanga upya kumbukumbu zake. Haifanyi kazi kila mara, ila haina madhara, nami nimewahi kumrudishia mwanafunzi utafiti wake kwa njia hiyo tu. Ikirudi, nakili kwanza, shangilia baadaye.

Programu ya ndani ya diski nayo inaweza kuwa na kasoro tangu kiwandani. Mwaka 2009 baadhi ya diski za Seagate Barracuda 7200.11 zilikuwa zinajifunga wakati wa kuwashwa, BIOS haizioni, huku data ikiwa salama ndani. Novemba 2019 Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zisipowekewa programu mpya ya ndani. Fikiria ofisi iliyonunua nne kwa pamoja na kuziwasha siku moja ili zilindane: zote zinaondoka karibu saa ileile. Kwa hiyo ukisimamia kompyuta za shule, hospitali au saccos, fuatilia matoleo ya programu za diski zako, na nakala usiiweke kwenye diski pacha peke yake.

8. Diski mpya isiyoonekana mara nyingi haina kosa

Mtu ananunua diski mpya, anaifunga, haioni, anarudi dukani kugomba. Mambo ya kuangalia ni machache. Diski mpya haina mpangilio wowote, na hapo, tofauti na nilivyosema juu, kuianzisha na kuifomati ndiyo sahihi kwa sababu hakuna cha kupoteza. Chagua GPT, mpangilio wa zamani wa MBR hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2 na kidogo. Kama ni ile SSD nyembamba ya M.2, soma maelezo ya laptopu yako: zipo za SATA na zipo za NVMe, na ya SATA inaweza kuingia vizuri kwenye tundu la NVMe bila kutambuliwa kamwe. Kwenye baadhi ya mazabodi, kuchomeka M.2 huzima tundu mojawapo la SATA, na diski ya zamani ndiyo inayoonekana imekufa. Na ukiwa unapakia Windows kwenye laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, ukakuta orodha ya diski tupu, usiivunje mashine. Mara nyingi unahitaji kupakia dereva ya Intel kutoka kwenye flashi, na diski itajitokeza.

Jambo moja zaidi kwa wanaohamisha Windows kwenda kwenye diski mpya: ukiziacha zote mbili zimechomekwa, zina alama moja ya utambulisho, na Windows itaizima mojawapo. Chomoa ya zamani kwanza, washa kwa mpya.

9. Diski iliyorejea ni ya kunakiliwa

Diski inapoonekana ghafla baada ya kuhangaika, furaha huwafanya watu wafungue picha, waonyeshane, wajaribu kama video zinacheza. Huo ndio muda wa dhahabu nao unapotezwa. Diski iliyopotea mara moja itapotea tena. Mimi humwuliza mwenye diski: kipi ukikipata leo utalala usingizi? Hicho ndicho kinatoka kwanza, kidogo kidogo, folda ndogo kabla ya filamu.

Kama sahani zina sehemu mbovu, sinakili kwa mkono. Nawasha kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi na kutumia GNU ddrescue. Programu hii hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, zenye shida inaziruka, kisha inazirudia mwishoni, na huandika daftari la ilipofika ili umeme ukikatika iendelee palepale. Nakala inakwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. TestDisk na mengineyo yote nayafanya juu ya nakala, diski ya mteja nimeshaichomoa na kuiweka kwenye bahasha yenye jina lake. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia, "Fundi, mbona huifanyii kazi diski yenyewe?" Nikamjibu, "Mwalimu, nikikosea kwenye nakala narudia. Kwenye yenyewe hakuna kurudia." Akakaa akasubiri hadi magharibi, na alama za kidato cha nne zikatoka zote.

10. Jihadhari na diski ya bei ya kutupa

Sokoni kuna diski za nje na flashi zilizoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake mara nyingi mna kadi ndogo ya gigabaiti chache iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Hupokea faili, huonyesha majina, na ikishajaa huandika juu ya ya zamani au hupotea kabisa. Iliyokwisha kumezwa hivyo hairudi, na hakuna fundi wa kulaumiwa. Ukinunua, ijaribu kwa programu ya H2testw kabla hujaiamini.

11. Kilichomo ni amana

Ninapookoa diski napita kwenye picha za maharusi, vyeti vya hospitali, mishahara ya watu. Nathibitisha kwamba faili zinafunguka kwa kufungua chache ambazo mwenyewe amenitajia, akiwa amekaa pembeni yangu inapowezekana. Nakala iliyobaki kwenye mashine yangu naifuta akishakubali kwamba kila kitu kimefika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla yake adabu ya kazi ilitosha kutuongoza. Vijana wanaoweka picha za wateja kwenye simu zao wanaiharibu kazi hii kwa wote.

Basi wewe unayesoma haya huku diski yako imekataa, ichomoe sasa, usiiwashe tena kwa kujaribu bahati. Njoo nayo ilivyo, pamoja na waya wake, adapta yake na kompyuta iliyokuwa inaitumia. Kama ilianguka, sema ilianguka. Kama mtu mwingine ameshaigusa, sema alifanya nini. Na kabla hujamwachia fundi yeyote, mwulize swali moja: utaanzia wapi? Akikujibu kwamba ataanza kwa kufomati, chukua diski yako uondoke.